Ramani ya Jiko

Nadhira hakusema neno tuliporudi kutoka hospitali.
Alivua buibui, akatundika ufunguo wa gari,
akasimama mlangoni pa jiko, mikono kiunoni,
kama fundi anayetazama nyumba aliyopewa kuibomoa.

Nje, Mawaleh, Agosti inakaanga lami.
Ndani, kiyoyozi kinakohoa, nami nimekaa
na karatasi yenye namba: kumi na nne nukta tatu.
Sukari. Neno tamu lililogeuka jina la maradhi.

Alianza na bakuli la haluwa.
Miaka ishirini na sita limekaa pale,
kati ya birika na dirisha,
kila apitaye akichovya kidole:
mgeni, mjukuu, fundi bomba,
na mimi zaidi ya wote.
"Macho hayana pazia," alisema, "basi tuyajengee ukuta."
Bakuli likapanda juu ya kabati,
nyuma ya sufuria ya biriani inayoshuka Idi kwa Idi.

Debe la khalasi tulilotumiwa na kaka yake wa Bahla
likahamia stoo ya ghorofani, ngazi kumi na saba.
Chini zikabaki tende tatu kwa siku, ndani ya kikombe cha kahawa.
"Ukitaka ya nne, panda."
Goti langu lilipiga hesabu, likakataa.

Friji akaipindua.
Matango, figili na jirjiri, wakazi wa droo ya chini
waliozoea kuozea gizani bila kusomewa hata Fatiha,
wakapanda usawa wa macho, wameoshwa, wamekatwa,
kwenye mabakuli ya kioo yasiyojua kutunza siri.
Sambusa zikashushwa droo,
mfuko mweusi, fundo juu ya fundo.

Sinia akaipa likizo hadi Ijumaa.
Mbele yangu kisahani, kilima cha wali, kipande cha nguru.
Nikauliza: hiki chakula au sampuli?
Hakucheka. Mwanetu Sulayyim alicheka kwa niaba yake.

Mkono una kumbukumbu zake.
Saa nane za usiku wangu uliamka kabla yangu,
ukavuka ukumbi bila taa,
ukapita kulia kwa birika, ukanyoosha kidole,
ukakuta figili.
Niliila pale gizani, inaliwasha koo,
kama mwizi aliyekosea nyumba.
Mkono mtupu haulambwi, kweli,
lakini na wenye figili pia.

Siku ya tisa nikapanda kigoda.
Nilisogeza sufuria polepole isije ikanisema.
Bakuli lilikuwa jepesi.
Haluwa hamna. Harufu ya zafarani tu,
na kadi ya kliniki, imekunjwa mara mbili.
Namba kubwa kuliko yangu.
Tarehe ya Februari.
Jina si langu.

Nilibaki juu ya kigoda,
mzee wa miaka sitini na moja, na fulana yangu ya kulalia,
nikiitafuta chai yake kichwani:
lini mara ya mwisho nilimwona akitia sukari?
Na sahani yake, kila siku ndogo,
kila siku akisema keshaonja jikoni.
Miezi sita amepita mbele ya haluwa yangu
asubuhi na jioni,
akinipangusia kifuniko.

Niliirudisha kadi kama ilivyokunjwa.
Bakuli. Sufuria. Kigoda chini ya meza.

Kulipokucha alinikuta na ubao na kisu,
matango mengine kama karatasi, mengine kama magogo.
Alitazama matango.
Kisha akakitazama kigoda,
nilichokirudisha upande usio wake.

Hakuuliza.
Alichukua kikombe cha kahawa, akahesabu tende tatu,
moja akaila yeye, taratibu, hadi kwenye kokwa,
mbili akanisukumia.